Kuchanja mbegu za mikunde kwa bakteria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayenunua mbegu za soya dukani siku hizi huenda akaongezewa kijipakiti cha unga mweusi na kuambiwa, "Changanya na hii kabla ya kupanda." Wengine huiita dawa, wengine mbolea hai, wengine chanjo ya mbegu. Hapa chini ni maswali ambayo wakulima huyarudia kila msimu unapokaribia. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo ndipo pesa za watu hupotelea.

Kuchanja mbegu ni kufanya nini hasa?

Ni kuipaka mbegu ya jamii ya mikunde bakteria hai, waitwao rizobia, kabla ya kuifukia. Mbegu ikiota, bakteria hao huingia kwenye mizizi. Mmea huwajengea vinundu, huwalisha sukari, nao hulipa kwa naitrojeni wanayoitoa hewani.

Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini katika hali hiyo hakuna mmea unaoweza kuitumia. Kiwanda kinachotaka kuigeuza kuwa mbolea hulazimika kuipasha joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na kuigandamiza kwa nguvu kubwa. Rizobia hufanya kazi hiyohiyo ndani ya kinundu kisichofika ukubwa wa punje ya choroko, kwenye udongo wa kawaida.

Ni sawa na chanjo wanayopewa watoto kliniki?

Hapana. Chanjo ya mtoto huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajafika, na kinachoingizwa huwa kijidudu kilichokufa, kilichodhoofishwa, au kipande chake tu. Kwenye mbegu hakuna adui anayekingwa. Bakteria anaingizwa akiwa mzima ili akae, ale na afanye kazi mpaka mmea ukomae. Kwa hiyo anayedhani soya iliyochanjwa haitashikwa na kutu ya majani amepotea.

Kinachofanana ni tendo lenyewe: kumpeleka kiumbe mdogo mahali ambapo asingefika peke yake, kwa wakati tuliouchagua sisi. Na tendo hilo ni la zamani kuliko hospitali tunazozijua. Kabla Edward Jenner wa Uingereza hajatumia usaha wa ndui ya ng'ombe mwaka 1796, watu wa sehemu mbalimbali za Afrika, Uturuki, India na China walikuwa tayari wakitumia ndui yenyewe kumkinga mtu, wengi wao kwa kukwaruza ngozi na kupachika usaha. Boston, Marekani, ilijifunza jambo hilo kwa sehemu kubwa kutoka kwa Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji Cotton Mather. Yeye ndiye aliyemweleza bwana wake kwamba alichanjwa hivyo kwao. Ndui ilipoingia mjini mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston alichanja watu zaidi ya 240, wakafa 6. Kati ya waliougua bila kuchanjwa, alikufa takriban mmoja katika kila saba. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa wa Merca, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha.

Tendo hilo utalikuta pia maabara, mtaalamu anapopanda kijidudu kwenye chakula chake ili kikue aweze kukichunguza. Utalikuta kwa anayetia kijiko cha mtindi wa jana kwenye maziwa ya leo, na kwa mkulima wa uyoga anayechanganya mbegu za uyoga na mabua yaliyochemshwa. Turudi shambani.

Hii ni teknolojia mpya?

Ni ya zamani kuliko urea unayoinunua. Hermann Hellriegel wa Ujerumani alionyesha mwaka 1886 kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewa kwa msaada wa viumbe wa kwenye vinundu. Miaka miwili baadaye Martinus Beijerinck wa Uholanzi akawatenga bakteria wenyewe. Kufikia 1896 chanjo ya mbegu ilikuwa bidhaa yenye hataza, kwa jina la Nitragin. Kiwanda cha kwanza kikubwa cha kutengeneza amonia, malighafi ya urea, kutokana na hewa, kule Oppau, Ujerumani, kilianza mwaka 1913.

Ni mazao gani yanayohitaji kuchanjwa?

Soya kwanza, na kwa mbali. Zao hili asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria wake halisi wamezaliwa huko. Mbegu zilipofikishwa Amani, Tanganyika, mwaka 1907 wakati wa Wajerumani, udongo wetu haukuwa na wenyeji wanaofahamiana nazo. Mpaka leo, shamba ambalo halijawahi kupandwa soya mara nyingi halina rizobia wa kuitosha.

Kunde, choroko, karanga, mbaazi na njugu mawe si wachaguzi. Hupatana na bakteria wengi wanaoishi tayari kwenye udongo wa Afrika, na mara nyingi vinundu hujitokeza bila mtu kufanya lolote. Ukinunua chanjo kwa ajili ya kunde kwenye shamba linalolimwa kunde kila mwaka, kuna uwezekano mkubwa umetupa pesa yako.

Maharage yako katikati, nayo huwasumbua hata watafiti. Vinundu hupatikana karibu kila mahali, ila vingi havina nguvu, na chanjo mara huonyesha tofauti mara isionyeshe. Ushauri wangu ni kwamba mwenye maharage ashughulikie fosforasi na mbegu bora kwanza, kisha ajaribu chanjo kwenye kipande kidogo.

Dengu za Tanzania, zile za kuchemsha za rangi ya kahawia isiyokolea, nazo zina bakteria wao maalumu. Anayeagiza chanjo kutoka Kenya awe makini: huko ndengu ni choroko zetu, na bakteria wa choroko hawasaidii kitu kwenye dengu.

Naweza kutumia pakiti ya soya kwenye maharage?

Hapana. Bakteria wa soya ni jamii ya Bradyrhizobium, wa maharage ni Rhizobium. Soma jina la zao kwenye pakiti kabla ya kulipa.

Na hizi mbegu za soya zinazosemwa hazihitaji chanjo?

Zipo. Kuanzia miaka ya 1970 mwishoni, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, kule Ibadan, Nigeria, walizalisha soya inayokubali bakteria wa wenyeji, zile aina zenye jina linaloanzia na TGx. Ni kazi nzuri iliyowasaidia wakulima ambao pakiti haziwafikii. Hata hivyo kukubali bakteria yeyote si kupata bakteria bora, na majaribio mengi yamekuta kwamba hata aina hizi hunufaika zikichanjwa. Kama pakiti inapatikana, chanja.

Ndani ya pakiti kuna nini?

Bakteria na kitu cha kuwabeba. Ulaya na Marekani hutumia mboji ya vinamasi iliyosagwa laini. Biofix ya Kenya, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete na kutengenezwa na kampuni ya MEA, ilitumia matope yanayobaki viwanda vya sukari vinapochuja juisi ya miwa. Tanzania, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiliunda Nitrosua kwa ajili ya soya. Zipo pia za maji, kwenye chupa.

Pakiti nzuri huwa na bakteria wapatao bilioni 1 katika kila gramu. Tupige hesabu. Gramu 100 huchanja kilo 10 za soya, ambazo ni punje zipatazo elfu 60 au zaidi kidogo. Kila punje basi hupata zaidi ya bakteria milioni 1. Nchi nyingi hutaka punje ya soya iwe na angalau bakteria laki moja inapofukiwa. Maana yake ni kwamba wakifa tisa katika kila kumi kabla ya kupanda, bado uko salama. Wakifa tisini na tisa katika kila mia, umepaka mbegu matope.

Nitajuaje kama pakiti ni nzima?

Kwa macho huwezi, na hapo ndipo ugumu wa biashara hii ulipo. Mbolea ya chumvichumvi iliyolala ghalani mwaka mzima bado ni mbolea, lakini hawa ni viumbe hai kama hamira. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, maana nyingi hudumu takriban miezi sita. Angalia kama imesajiliwa; kwa Tanzania uliza TFRA, mamlaka ya kudhibiti mbolea. Zaidi ya yote, angalia muuzaji anaiweka wapi. Nimewahi kuona pakiti zimepangwa dirishani, jua la saa saba likizipiga, ndani ya duka la mabati. Tarehe ilikuwa bado nzuri. Bidhaa ya namna hiyo usiichukue hata kwa punguzo.

Nyumbani, iweke mahali pa baridi na giza. Friji ni nzuri, si sehemu ya kugandishia. Asiye na friji aifunge kwenye mfuko na kuiweka chini, pembeni ya mtungi wa maji, mbali na dawa za kuua wadudu.

Nichanje vipi?

Chanja siku ileile ya kupanda, asubuhi, baada ya kuona udongo una unyevu wa kutosha. Usichanje ukisubiri mvua.

Mimina mbegu kwenye beseni safi au juu ya turubai, kivulini. Kwa kilo 10 za soya andaa maji ya gundi kiasi cha kikombe kimoja cha chai, yaani mililita 200 hivi. Gundi mara nyingi huja pamoja na pakiti. Ikikosekana, maji ya sukari hufaa. Maji ya bomba yenye klorini yaache usiku kucha bila kufunikwa, au tumia ya mvua au kisima. Nyunyizia kidogo kidogo huku ukigeuza mpaka kila punje ing'ae. Isilowe: soya ina ganda jepesi, ikinywa maji huvimba, ganda hubanduka na mbegu haioti vizuri. Kisha tia unga, geuza kwa mikono taratibu mpaka punje zote ziwe nyeusi kwa usawa. Acha dakika chache kivulini unga ushike, halafu nenda shambani.

Shambani, funika mbegu kwa kitambaa chenye unyevu, chukua kiasi cha kutosha mistari michache, fukia papo hapo. Anayechimba vijishimo aende sambamba na anayefukia. Mbegu isibaki wazi juani. Zikibaki hadi kesho yake, zichanje upya.

Mbegu zangu tayari zina dawa ya ukungu. Nifanye nini?

Dawa nyingi za ukungu huwaua rizobia au kuwapunguza, hasa zikikaa pamoja kwa muda mrefu. Ukiweza, nunua mbegu isiyopakwa dawa. Kama huna njia nyingine, chanja dakika za mwisho kabisa na ufukie ndani ya saa moja au mbili. Usichanganye dawa na chanjo kwenye beseni moja kwa kudhani umeokoa muda.

Nikichanja, sihitaji mbolea tena?

Huhitaji mbolea za naitrojeni kama urea na CAN. Unahitaji fosforasi, tena sana.

Swali hili ndilo linalotenganisha wanaovuna na wanaolalamika. Kutengeneza naitrojeni ni kazi ngumu kwa mmea, na nguvu yake inategemea fosforasi. Udongo uliochoka, wa mchanga au mwekundu uliolimwa miaka bila kurudishiwa kitu, hauna fosforasi ya kutosha. Hapo bakteria wanafika, wanakaribishwa, na hakuna cha kuwapa. Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Wageningen na washirika wake wa Afrika, uliliona hilo nchi baada ya nchi: chanjo na fosforasi vikiwekwa pamoja hufanya vizuri kuliko kimoja peke yake.

Kwa hiyo pandia TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni, au fosfeti ya Minjingu inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, ambayo hufaa zaidi kwenye udongo wenye tindikali. Kenya wana Sympal, mbolea iliyotengenezwa kwa mikunde, isiyo na naitrojeni hata kidogo. DAP ina naitrojeni kiasi. Mfuko mmoja kwa ekari hautaharibu kazi, lakini ukiendelea kumwaga naitrojeni, mmea hauoni sababu ya kuwalisha bakteria na vinundu hupungua. Mbolea isigusane na mbegu iliyochanjwa: weka, funika kwa udongo kidogo, ndipo udondoshe mbegu.

Na kama udongo una pH chini ya 5.5, fikiria chokaa kwanza. Rizobia wengi hawavumilii tindikali kali.

Nitajuaje kama imefanya kazi?

Subiri wiki ya sita hadi ya nane, soya inapoanza kutoa maua. Chimba mimea michache kwa jembe au sepeto pamoja na udongo wake. Usiing'oe, maana vinundu hukatikia ardhini nawe ukadhani havipo. Osha mizizi polepole ndani ya ndoo. Vinundu vilivyokusanyika kwenye mzizi mkuu, karibu na shina, kwa kawaida ni vya bakteria uliowapaka wewe. Vilivyotawanyika mbali kwenye mizizi midogo huenda ni vya wenyeji.

Halafu pasua kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inaendelea. Rangi hiyo hutoka kwenye protini ya jamii moja na ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Nyeupe ni kinundu kichanga au kisichofanya kazi. Kijani au kahawia ni kilichozeeka, jambo la kawaida mavuno yakikaribia lakini habari mbaya wakati wa maua.

Nilichanja na sikuona tofauti. Nimeibiwa?

Pengine, lakini chunguza kwanza. Kama hakuna vinundu, shuku pakiti, jua, dawa ya mbegu au tindikali. Kama vipo vingi na vyekundu lakini mmea umedumaa, kosa haliko kwa bakteria: tazama fosforasi, ukame, magugu, nafasi ya kupanda. Kama vipo vingi vyekundu na mazao ni mazuri kila upande, huenda shamba lilikuwa na bakteria wa kutosha tangu mwanzo.

Njia pekee ya kujua ni kuacha mistari kadhaa bila kuchanja, kila kingine kikiwa sawa. Panda mistari hiyo kwanza, kabla hujashika unga, la sivyo mikono yako itaichanja. Bila mistari hiyo, mkulima na muuzaji watabishana tu.

Lazima kila msimu?

Bakteria wa soya wakishastawi huweza kubaki ardhini miaka kadhaa bila soya, hasa kwenye udongo wenye mfinyanzi na mboji. Kwenye mchanga, tindikali au ukame mrefu hupungua haraka. Kama umerudia soya kwenye shamba lilelile ndani ya miaka miwili mitatu na vinundu vilikuwa vizuri, unaweza kuruka msimu. Bei ya pakiti ikilinganishwa na ya mbegu na palizi ni ndogo, ndiyo maana wengi huchanja tu.

Badala ya kununua, siwezi kuchukua udongo wa shamba la soya la jirani?

Inawezekana, na wakulima wa Ulaya na Marekani walifanya hivyo kabla pakiti hazijaenea. Utahitaji udongo mwingi sana, na pamoja na bakteria utabeba minyoo fundo, mnyauko na mbegu za magugu ya jirani. Kwa soya sipendekezi.

Kwenye vitalu vya misonobari ni jambo jingine. Huko kinachotafutwa ni fangasi wanaoishi na mizizi, ambao bila wao mche wa msonobari hudumaa na kugeuka njano. Watu wa vitalu Mufindi, karibu na msitu wa Sao Hill, huchanganya udongo wa chini ya misonobari ya zamani kwenye viriba vyao, na miche hushika. Hiyo nayo ni kuchanja, bila pakiti.

Ni kweli soya iliyochanjwa hurutubisha shamba?

Husemwa kwa urahisi mno. Soya ina protini karibu asilimia 40, na protini hujengwa kwa naitrojeni. Tani 1 ya soya inayopakiwa kwenye lori huondoka na takriban kilo 60 za naitrojeni, sawa na mifuko miwili na nusu ya urea ya kilo 50. Sehemu kubwa ilitoka hewani, sawa, lakini haikubaki kwako. Kinachobaki ni mizizi na majani yaliyodondoka, pamoja na mabua kama huyachomi wala kumpa mfugaji. Mahindi yanayofuata soya kwa kawaida huwa bora kuliko yanayofuata mahindi. Ukipura nyumbani na maganda yakaishia jaani, faida hiyo unaipunguza kwa mkono wako.

Kuna nchi inayotegemea chanjo tu bila urea?

Brazil, kwa soya. Johanna Döbereiner, mtafiti aliyefariki mwaka 2000, alisimamia msimamo kwamba soya ya nchi hiyo ichaguliwe kulingana na uwezo wa kushirikiana na bakteria, wakati wengine walitaka mbolea. Leo Brazil inaongoza duniani kwa soya, na wakulima wake kwa kawaida hawaiwekei naitrojeni. Mwenzake wa kizazi kilichofuata, Mariangela Hungria, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2025 kwa kazi hiyohiyo.

Ni salama kwa mikono na kwa kula?

Rizobia hawaleti ugonjwa kwa binadamu wala mifugo. Nawa mikono baada ya kuchanja, na mbegu zilizobaki usizipike, hasa kama zilikuwa na dawa.

Mahindi je, yanachanjwa?

Rizobia hawajengi vinundu kwenye mahindi, kwa hiyo pakiti ya soya haina kazi huko. Wapo bakteria wengine, Azospirillum, ambao Brazil na Argentina huwapaka kwenye mbegu za mahindi. Hao huishi kwenye mizizi na kuifanya itanuke zaidi kuliko wanavyoileta naitrojeni, na mbolea bado inahitajika. Muuzaji akikuambia kuna chanjo ya mahindi inayoondoa urea kabisa, mwombe akuachie pakiti ya majaribio na utenge mistari yako.